Mama wa Wapita Njia

Wamoravian wana desturi ya zamani kuhusu kifo. Tangu karne ya 18, kule Herrnhut, Ujerumani, muumini alihimizwa kuandika mwenyewe habari za maisha yake ili zisomwe siku ya maziko yake. Maelfu ya maandishi hayo yamehifadhiwa hadi leo: ya maseremala, wafumaji, wajane, mabaharia, hata ya watu waliokuwa watumwa katika visiwa vya Karibi. Kwetu Tabora tuna wasifu wa marehemu, ukurasa mmoja au kurasa mbili zilizopigwa chapa, ambazo husomwa na mtu wa ukoo jua likiwa utosini na watu wamejibana kivulini mwa turubai. Alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa. Ameacha watoto na wajukuu. Aliugua, mauti yakamkuta.

Wasifu wa mama yangu niliuandika mimi, na yote yaliyomo ni ya kweli. Alizaliwa 1944 katika kijiji cha upande wa Sikonge. Aliolewa na mfanyakazi wa reli, akahamia Tabora mjini. Alikuwa mwinjilisti wa Kanisa la Moravian mpaka nguvu zilipomwishia. Alifundisha watoto wa shule ya Jumapili, aliongoza wanawake, alizika watu wengi. Haya yote ushirika unayajua na vitabu vya ushirika vinayo. Lakini sehemu kubwa ya utumishi wake aliitoa kwa watu ambao hawakuandikwa kwenye kitabu chochote: watu waliolala Tabora usiku mmoja au wiki moja, wakaenda zao, wasionekane tena. Hao ndio ninaotaka kuwazungumzia, kwa sababu nimeamini kwamba bila wao huwezi kumweleza mama yangu.

Mji wetu umetokana na safari. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda hadi Mpwapwa, ikaivuka Ugogo, ikahangaika na kiu ya Mgunda Mkali, ndipo ikaingia Unyamwezi. Tabora, ambayo wasafiri wa kwanza wa Ulaya waliiita Kazeh, ndipo njia zilipogawanyika. Moja ilikwenda magharibi kupitia Uvinza hadi Ujiji, nyingine ilikwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wamekwisha kujenga matembe yao na kupanda bustani. Pembe za ndovu zilishuka pwani, vitambaa, shanga na baruti vilipanda bara. Na watu pia walishushwa pwani wakiwa wamefungwa. Mnyamwezi alikuwa mpagazi hodari, akibeba kilo 30 na zaidi begani kwa miezi. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayosubiri kutambuliwa kuwa urithi wa dunia, na Kwihara yetu imo.

Kisha ikaja reli. Wajerumani waliifikisha Tabora 1912, Kigoma 1914, na Waingereza wakamaliza tawi la Mwanza 1928. Kwa sehemu kubwa reli ya kati ilifuata mwelekeo uleule wa misafara, hivyo Tabora ikabaki kuwa mahali pa kushuka, kungoja na kupanda tena. Abiria wa Kigoma, wa Mwanza, na baadaye wa Mpanda, wote walikutana kwenye stesheni yetu, mara nyingi usiku wa manane, wakiwa na watoto, magunia, kuku na mafurushi.

Baba alikuwa fundi wa mabehewa. Tuliishi kota za reli, chini ya mwembe mmojawapo wa miembe mikubwa ambayo wazee wa Tabora huihesabu kuwa ni ya enzi za misafara. Honi ya treni tuliisikia tukiwa vitandani. Baba akiisikia imechelewa sana, aliinuka bila kusema neno akaongeza kuni jikoni, maana alijua mama amekwisha kujifunga khanga na kutoka kwenda stesheni.

Nimeulizwa mara nyingi alikoipata tabia hiyo. Jibu liko Sikonge. Miongoni mwa wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti katika Unyamwezi walikuwa wale wa London Missionary Society, walioingia Urambo 1879 kwa idhini ya Mtemi Mirambo. Daktari wao, Ebenezer Southon, alikufa hukohuko 1882. Kituo hicho kilikabidhiwa kwa Wamoravian mwaka 1898, nao wakasonga kusini mpaka Kitunda na Sikonge. Sikonge pakawa na hospitali, na pamoja nayo makazi ya wagonjwa wa ukoma. Babu yangu alikuwa mfuga nyuki. Alitundika mizinga ya magome katika misitu ya miombo na akirudi kutoka porini alikuwa na asali ya kuuza na ya kugawa. Bibi ndiye aliyeigawa. Sehemu ya kwanza ilikwenda kwa wale wagonjwa, na binti aliyetumwa kubeba kibuyu alikuwa mama yangu.

Bibi alimwekea sharti moja: ukifika, usiweke kibuyu chini ukarudi nyuma. Mpe mtu mkononi, umsalimie kwa mkono wake ulivyo. Mama alikua akishika mikono ambayo watu wengine waliiogopa. Ukubwani hakuweza kumsalimia mtu kwa mbali. Alikushika mikono yote miwili, akakutazama usoni, na katika mikono hiyo hukuwa na njia ya kusema kwamba hujambo kama si kweli. Asubuhi alisalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," hata kwa Mhaya au Mgogo asiyejua kuitikia, na kabla ya jioni mtu huyo alikuwa ameshajifunza.

Swali lake la kwanza kwa mgeni halikuwa dini yake wala anakokwenda. Aliuliza: "Kwenu wanakuitaje?" Nilipokuwa msichana nililiona ni swali la kawaida. Alinieleza siku moja tulipokuwa tukitoka Kwihara, yeye mbele, mimi nyuma na kundi la watoto wa shule ya Jumapili, mchanga wa njia ukituunguza nyayo. "Mwanangu, hapa tunapopita wamepitishwa watu ambao hakuna aliyewauliza jina lao. Sisi tulioachwa kando ya njia hii tuna deni la kuuliza."

Safari za Kwihara zilikuwa mpango wake wa kila mwaka baada ya mavuno. Liko pale tembe ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872. Alifika na Stanley mwezi Februari, Stanley akaondoka Machi, na mzee yule akabaki akingoja wapagazi mpaka Agosti, zaidi ya miezi mitano. Walimu wengine waliwapeleka watoto kuona chumba cha Mzungu. Mama aliwaketisha nje kivulini, akawauliza: "Miezi yote hiyo, nani alimpikia? Nani aliteka maji? Nani alitwanga?" Watoto walinyamaza. Naye aliwaacha wanyamaze.

Baada ya miaka mingi, nikiwa mwalimu, nilipata jibu nikamletea. Mpishi wa Livingstone katika safari zake za mwisho alikuwa mwanamke, jina lake Halima, na Livingstone mwenyewe alimsifu katika kumbukumbu zake. Tena hakuwa peke yake. Misafara ya Wanyamwezi ilikuwa na wanawake wengi, wake wa wapagazi waliobeba vyungu, mikeka na chakula, na mtoto mgongoni. Wakifika kambini mwanamume alitua mzigo wake akapumzika, mwanamke akawasha moto. Wote tunawajua Chuma na Susi, ambao pamoja na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, wakaupitisha hapa Unyanyembe mwaka 1873, wakaufikisha Bagamoyo mwaka uliofuata, lakini Halima hakuna aliyekuwa ametutajia. Mama alipoyasikia hayo alipiga kigelegele jikoni, peke yake, na mwiko mkononi. Jumapili iliyofuata alimhubiri Halima. Kwamba alikuwa Mwislamu kwa jina lake halikumsumbua hata kidogo, na wala halikuwasumbua wasikilizaji wake, kwa sababu huo ndio ulivyo mji wetu. Nusu ya majirani waliotulea walikuwa Waislamu.

Jambo hilo lilionekana wazi kuliko wakati wowote katika mvua za El Niño. Zilianza mwishoni mwa 1997 zikaendelea mpaka 1998, zikazoa matuta ya reli ya kati sehemu nyingi. Treni zilikwama. Abiria waliokuwa wamefika Tabora wakitarajia kuunganisha safari walijikuta hawana pa kwenda, na mfuko wa nauli hauna ziada ya kula. Mvua ilinyesha mchana na usiku. Wanawake walikaa juu ya mafurushi yao ili yasiloe, watoto wakalala juu ya mapaja yao.

Mama alikwenda kwa mchungaji kuomba ukumbi wa kanisa, akakabidhiwa ufunguo kabla hajamaliza kueleza. Kisha alizunguka nyumba kwa nyumba. Hakuomba fedha. Aliomba kitu ambacho mwenye nyumba alikuwa nacho: kwa huyu mkeka, kwa yule debe la maji, kwa mwingine michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vikavu ambavyo hakuna nyumba ya Mnyamwezi inayovikosa. Aliwajua majirani kiasi cha kutomwomba mtu alichokuwa hana, na hiyo ni sehemu ya utumishi ambayo sijaiona ikifundishwa katika chuo chochote.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeingia siku za mwisho wa Desemba, na abiria wengi wa Ujiji na Kigoma walikuwa wamefunga. Baadhi yetu vijana tulidhani watakula jioni wanachokula wenzao mchana. Mama alikataa. Alikwenda kwa bibi mmoja wa Kimanyema, jirani yetu ambaye wazee wake walifika Tabora zama za misafara, wakakaa kibarazani wakapanga. Kuanzia siku hiyo kulikuwa na vyungu viwili. Uji wa asubuhi ulikuwa wa watoto na wasiofunga. Jioni ilikuwa futari: mihogo ya nazi ikipatikana nazi, viazi, uji wa pilipili manga. Mwishoni mwa usiku yule bibi alipogonga dirisha letu kwa ajili ya daku, mama alikuwa ameshaamka. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya mafiga, moshi wa kuni mbichi ukimtoa machozi, akipuliza moto kwa ajili ya watu wa kufunga mfungo ambao si wake. Nilitaka kumwambia akalale. Akaninyooshea beseni la mihogo. "Menya."

Siku ya pili ya kila mgeni mama alimpa kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini yeye hakungoja ya tatu. Mwanamke aliyekuja jana akiwa analia, leo alikabidhiwa mchele achambue. Kijana alipewa ndoo. Mzee aliyekuwa fundi cherehani alitafutiwa cherehani. Nilimwona mtu mmoja, mwenye hadhi kwao kwa jinsi alivyojieleza, aliyekaa siku nzima ameinamisha kichwa kwa aibu ya kula chakula cha watu asiowajua. Mama alimwomba awafundishe hesabu watoto waliokuwa wakirandaranda ukumbini. Kesho yake alikuwa na kipande cha chaki na darasa, amekaa wima. Tangu hapo sijawahi kumpa mtu msaada bila kumtafutia namna ya yeye naye kunipa kitu, na wanafunzi wangu wengi maskini wameinua vichwa kwa sababu ya mtu yule ambaye jina lake ninalo daftarini tu.

Nimetaja daftari. Mama alikuwa na madaftari ya shule, yale ya jalada laini, aliyoyaandika kwa kalamu ya risasi. Hayakuwa shajara. Yalikuwa orodha ya kuombea. Kila asubuhi, baada ya kusoma mistari ya siku katika kile kijitabu ambacho Wamoravian wamekuwa wakikichapa kila mwaka tangu 1731, alifungua daftari na kutaja watu. Tuliyasoma alipokwisha kufa. Kuna jina, mahali alikotoka, alikokuwa akienda, na neno moja au mawili: homa ya mtoto, anamtafuta mume Mpanda, ameibiwa, mimba kubwa, hana viatu. Wengine aliwaombea kwa miaka bila kujua kama walifika. Pembeni mwa majina machache, ya wale waliotuma salamu au barua, amechora msalaba mdogo na kuandika: *amefika*. Ni machache sana. Mamia hayana alama yoyote, na mwandiko unaonyesha hakuacha kuyarudia, kwa maana kila daftari jipya linaanza kwa majina ya zamani.

Hapo ndipo ninaposimama kila ninapofikiri kuhusu utumishi. Sisi tuliosoma tumezoea kudai matokeo. Ushirika umekua kwa kiasi gani, wangapi wamebatizwa, mradi umefikia lengo? Ni maswali ya haki na mama mwenyewe alijaza fomu za ripoti kama wainjilisti wenzake. Lakini kwa wapita njia huwezi kudai matokeo. Unampa mtu uji, anapanda treni, basi. Atakayemwona akipata nafuu ni mtu mwingine, mji mwingine. Mama aliridhika na nafasi hiyo ya katikati, na nadhani ilimpa furaha nyingi kuliko utumishi wake mwingine wote.

Kabla ya mvua za El Niño kulikuwa na Warundi. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwakimbiza watu wengi kuja nchini, na serikali ikafungua makazi ya Ulyankulu katika mkoa wetu, Katumba na baadaye Mishamo upande wa Mpanda. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka mama akiondoka na wanawake wenzake kwenye lori, akirudi na vumbi mpaka kwenye kope, na salamu mpya ya "Amahoro" aliyotufundisha sisi watoto kwa bidii kama tunajifunza meza ya hesabu. Aliwafundisha akina mama wa kule kukausha viazi kwa namna yetu, nao wakamfundisha kupika maharage kwa namna yao, na tulikula maharage ya Kirundi nyumbani kwetu maisha yote. Mwaka 2014, zaidi ya watu 160,000 kati yao na watoto wao walipopewa uraia wa Tanzania, mama alikuwa mzee na macho yamefifia. Aliniomba nimsomee habari ile gazetini mara ya pili. Kisha akataka daftari la zamani, akaniambia niandike *amefika* mbele ya majina yote ya Ulyankulu.

Je, sisi watoto wake tulipata nini? Ni swali la haki, kwa sababu kuna watumishi ambao watoto wao wanakua yatima wakiwa na wazazi wote wawili. Vitanda vyetu vililaliwa na watu tusiowajua, tukashushwa mkekani. Nyama ilikatwa vipande vidogo zaidi. Lakini kulikuwa na saa ya jioni ambayo hakuna mgeni aliyeigusa. Tuliketi uani tukibambua karanga, na mama alimwuliza kila mmoja kwa zamu: "Leo umesikia nini?" Hakutaka kusikia tulivyofaulu. Alitaka kisa. Ukianza kisa chako hakukukatiza, hata kama kilikuwa kirefu na cha kijinga, hata kama mtu amebisha hodi. Baba ndiye aliyekwenda kufungua mlango.

Saa hiyohiyo alitujaribia mahubiri yake. Aliyasema polepole huku vidole vikifanya kazi, naye akamwangalia mdogo wetu wa mwisho. Mahali mtoto aliposinzia, mama alipaondoa. Ndiyo maana mahubiri yake yalikuwa mafupi na yenye watu ndani yake. Alihubiri wapagazi, wauza asali, mke wa mtu wa reli aliyekuwa akingoja mshahara. Nimewasikia wahubiri wasomi wengi, nawaheshimu, lakini sijasikia aliyekuwa na wasikilizaji makini kuliko wale wa mama, ambao walijua kwamba kila neno limepita kwenye mtihani wa mtoto wa miaka minne.

Hakuwahi kubarikiwa kuwa mchungaji. Mwaka 1990 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipopitisha uamuzi wa kuwabariki wanawake, na mwaka uliofuata wa kwanza wakabarikiwa, wanawake wa mtaani kwetu walilijadili jambo hilo kwa wiki nzima, kisimani na sokoni. Walimwuliza mama kama angependa. Alijibu kwamba angependa sana. Nilishangaa, kwa maana nilitegemea jibu la unyenyekevu. Akaongeza: "Ningependa nimpe mtu ushirika mtakatifu kwa mkono huuhuu niliompa uji." Alilisema bila uchungu. Hakulirudia tena. Lakini sitaki mtu aandike kwamba mama hakutamani, au kwamba aliridhika kwa kuwa hakujua thamani ya joho. Alijua. Alitamani, na aliendelea kufanya kazi bila kupata alichokitamani. Ninapowasikia watu wakiwasifu wanawake wa kanisa kwa "kutotaka makuu," namkumbuka kwa jibu lile.

Laiti ningekuwa nimesoma mapema habari za Rebecca Protten. Alizaliwa mtumwa Antigua yapata mwaka 1718, akauzwa kisiwa cha St. Thomas, akapata uhuru wake. Wamoravian walikuwa wamefika kisiwani humo 1732, safari yao ya kwanza ya umisionari, waliyoifanya kwa ajili ya watumwa. Binti huyo alijiunga nao akawa akitembea usiku kutoka shamba hadi shamba akiwafundisha wanawake watumwa. Mwaka 1746, akiwa Ujerumani, alibarikiwa kuwa shemasi, naye huhesabiwa miongoni mwa wanawake Weusi wa kwanza kupewa daraja katika Ukristo wa Magharibi. Miaka yake ya mwisho aliishi katika Pwani ya Dhahabu, ambayo sasa ni Ghana, na huko alikufa 1780. Kwa hiyo kanisa la mama yangu, zaidi ya miaka 150 kabla halijafika Urambo, lilikuwa limeshawahi kumwekea mikono mwanamke mwenye asili ya Afrika aliyekuwa mtumwa. Mama angemhubiri Rebecca mwezi mzima.

Mwishoni kisukari kilimmaliza miguu. Mwanamke aliyezunguka mji mzima kwa baiskeli akawa wa kukaa barazani, na hapo akagundua kwamba wapita njia wanapita barazani pia. Aliita wauza maji, mafundi wa viatu, wasichana wa kazi waliotumwa dukani. "Kwenu wanakuitaje?" Dada yangu alilazimika kuweka thamosi ya chai pale tangu asubuhi.

Siku ya maziko walikuja watu ambao familia nzima haikuwajua. Walitoka Uvinza, Kaliua, Nzega, wengine walikuwa wamesikia kwa redio, wengine kwa simu za mtu na mtu. Mzee mmoja mwenye kanzu na kofia aliomba ashike jeneza, akashika kwa hatua chache, akampisha mwingine. Hakutoa hotuba. Pasaka iliyofuata, kabla ya mapambazuko, ushirika wote ulikwenda makaburini kama Wamoravian wanavyofanya tangu karne ya 18, kuimba kati ya makaburi mpaka jua litoke. Nilisimama pembeni mwa kaburi jipya la mama na sauti ikanikataa. Mtoto wa jirani, mmoja wa wale wa Kwihara, akaniimbia ubeti mzima sikioni.

Sasa lami imefika Tabora kutoka pande nyingi, na reli ya kisasa inajengwa. Mabasi husimama kidogo, abiria hununua asali dirishani, kisha huondoka. Mtu angeweza kudhani kazi ya mama imekwisha. Lakini nenda stendi baada ya masoko ya tumbaku. Utawakuta vijana kutoka Kasulu na Kibondo, waliokuja kulima msimu mzima katika mashamba ya Urambo, Kaliua na Sikonge. Baadhi yao wanarudi na fedha na baiskeli mpya. Wengine wameambiwa na mwenye shamba kwamba hesabu haikutoka vizuri mwaka huu, nao wamekaa juu ya begi, hawataki kurudi nyumbani mikono mitupu na hawana nauli hata kama wangetaka. Wasichana wa kazi wapo pia, wamefukuzwa alfajiri na sanduku moja.

Wanawake wachache, baadhi yao wa ushirika wetu na wengine wa msikiti ulio jirani, huwapikia uji. Dada yangu ni mmoja wao, sufuria ni ile ya mwaka wa El Niño. Unga hupatikana, watu wa Tabora hawajawahi kuninyima unga. Sabuni hupatikana. Tunayemkosa ni mtu mwenye asubuhi nzima ya kumpa mtu mmoja, akae naye benchini, amsikilize kisa chake cha shamba na cha mwenye shamba mpaka akimalize, kisha amsaidie kuandika barua kwa afisa wa kazi. Barua ni ukurasa mmoja. Kisa huchukua saa tatu.